Mlonge: fukia mche, kata shina, uache uchipue

Haya ni maneno niliyowaambia wakulima kwenye mkutano wa kijiji wilayani Chamwino, Dodoma, kabla mvua hazijaanza. Wengi waliomba niyaandike, kwahiyo nimeyaweka hapa karibu vilevile nilivyoyasema.

Mbukwenyi! Wazee wangu shikamooni, mama zangu, vijana, wote habari za asubuhi. Mwenyekiti asante kwa nafasi, na kina mama mliotupikia uji tangu alfajiri Mungu awabariki.

Nimeitwa kuongelea mlonge. Najua nikisema mlonge akili za wengi zinaenda kwenye dawa, maana stendi pale na kwenye mabasi kila siku kuna mtu ana kifuko cha mbegu anasema zinatibu sukari, presha, tumbo, nguvu za kiume, magonjwa mia tatu kwa mti mmoja. Naomba hilo leo tuliweke pembeni. Mwenye sukari aendelee na dawa za hospitali na akitaka kula mlonge amwambie daktari wake, na mizizi na magome ya mlonge msiwe mnachemsha na kunywa, hasa mama mjamzito, kabisa kabisa asiguse. Majani ni mboga, kula. Mizizi achana nayo.

Mi nimekuja kuongea juu ya udongo wetu na mfuko wetu. Na neno langu ni hili, mlonge tumeupanda vibaya miaka yote. Tunapanda mmoja nyuma ya nyumba, unakua unarefuka mpaka juu ya bati, majani yote yako huko juu hata mtoto hafiki, alafu tunasema mlonge hauna faida. Mlonge faida yake iko kwenye kuukata. Ukiwa mche wa wiki tatu nne unaufukia unakuwa mbolea, ukiuacha ukafika kiunoni unaukata unachipua, unaukata tena unachipua, na kila unapoukata unapata kitu cha kula, cha kulisha au cha kuuza. Huo mti mrefu uliosimama tu tunauhitaji pia, lakini kwa kazi moja, kutupa mbegu.

Tuanze na udongo kwasababu hapo ndo penye shida kubwa.

Hapa Dodoma mvua yetu kwa mwaka mzima inacheza kwenye milimita 500 mpaka 600, msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na katikati kuna siku inakata kabisa. Wazee mnakumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, serikali ilianzisha mwaka 1973 baada ya kuona makorongo ya Kondoa yanakula nchi, na 1979 ikafika mahali mifugo ikaondolewa kabisa kwenye vilima vile ili ardhi ipumue. Nawakumbusha hilo kwasababu ardhi ya huku kwetu haijafika kuwa korongo lakini imechoka. Mabua yakivunwa ng'ombe wanaingia, ng'ombe wakitoka kilichobaki kinachomwa, mvua ya kwanza inakuta ardhi iko uchi na ngumu, maji yanateleza yanaenda na udongo wa juu. Kila mwaka tunachukua mtama, tunachukua uwele, tunachukua alizeti, na hatujarudisha hata kapu moja. Samadi yenyewe wengine wanauza kwa watu wa zabibu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwaka 2001, mwezi wa kumi mwishoni kuingia wa kumi na moja, palifanyika Dar es Salaam mkutano wa kimataifa wa mambo ya mlonge, hapa hapa nchini kwetu. Wataalamu waliokuja walikuwepo waliofanya kazi Nicaragua, huko Amerika ya Kati, Nikolaus Foidl na wenzake Makkar na Becker, wakaeleza walichofanya kwa kutumia miche midogo ya mlonge kama mbolea ya kijani. Unalima ardhi vizuri, unapanda mbegu za mlonge kwa kusongamana, sentimita kumi kwa kumi, kina sentimita moja au mbili tu, unaacha siku 25, miche bado laini haina ukuni, unailimia chini kwenye kina cha sentimita 15 hivi. Alafu unaandaa shamba upya unapanda zao lako. Basi. Miaka zaidi ya ishirini maneno haya yamesemwa Dar, na mkulima wa Chamwino hajayasikia. Hilo linaniuma kwakweli.

Kwanini mche mdogo na sio matawi makubwa? Kwasababu mche wa siku 25 ni maji na protini, haujaweka ukuni, kwahiyo ukifukiwa kwenye udongo wenye unyevu unaoza haraka sana, wiki moja mbili umeshageuka chakula cha mazao. Tawi gumu ukilifukia wadudu wa udongo wanahangaika nalo na katika kuhangaika wanakula nitrojeni iliyopo, mahindi yako yanabaki ya njano. Majani makavu ya mlonge yana protini karibu robo ya uzito wake, na protini ndo inabeba nitrojeni, ukipiga hesabu kilo 100 za majani makavu zina nitrojeni kama kilo 4. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Kwahiyo kilo 100 za majani makavu ni sawa na kama kilo 8 na ushee za yurea, ila na vitu vingine juu yake ambavyo yurea haina, mboji, kalsiamu, potasiamu, na chakula cha wadudu wa udongo.

Lakini hapa lazima niwe mkweli kwenu, maana kuna watu wanapita vijijini wanasema mlonge unavuta nitrojeni hewani kama kunde. Sio kweli. Mlonge sio jamii ya mikunde. Kunde, choroko, mbaazi, fiwi, marejea, hizo ndo zina vile vinundu kwenye mizizi vinavyokamata nitrojeni ya hewani. Mlonge hauna. Nitrojeni iliyoko kwenye mche wako imetoka kwenye mbegu yenyewe, ambayo ina protini nyingi, na imetoka kwenye udongo huohuo.

Mtasema sasa faida iko wapi kama inazunguka palepale? Iko hapa. Ardhi iliyokaa kavu miezi saba ikinyeshewa mvua ya kwanza inaachia nitrojeni nyingi kwa mkupuo, na kama hamna mmea wa kuidaka inashuka chini na maji mpaka mizizi ya mahindi haiifikii, au inaondoka na maji ya juu. Miche iliyosongamana inaidaka, inaifanya majani, unairudisha juu pale mizizi ya zao lako ilipo. Na kitu cha pili, unaweka mabaki laini kwenye udongo usio na mboji kabisa, maji yanaanza kuingia badala ya kuteleza. Kwahiyo mwenye nafasi apande mlonge na marejea pamoja, au mlonge na choroko, moja inavuta hewani nyingine inadaka chini. Mi ningekuwa na eneo dogo ningefanya hivyo bila kufikiri mara mbili.

Sasa hesabu ya mbegu, msije mkaniambia sikusema. Sentimita kumi kwa kumi maana yake mita moja ya mraba inakula mbegu 100. Eneo la mita kumi kwa kumi ni mbegu elfu kumi, kilo kama tatu hivi. Ekari nzima ni mbegu laki nne, zaidi ya kilo mia. Nani hapa atanunua kilo mia za mbegu za mlonge azifukie? Hakuna, na mi simshauri mtu. Na kuna tatizo la pili, msimu wetu ni mfupi, ukitumia siku 25 za mwanzo wa mvua kukuza mlonge shamba la mtama utachelewa kupanda, na huku kwetu kuchelewa ndo njaa. Kwahiyo mche wa kufukia ni wa bustani. Mama mwenye matuta ya mboga karibu na kisima, kijana mwenye nyanya na vitunguu kule bondeni, mwenye dripu, hao ndo wa kufanya hivi, maana maji wanayo na wanaweza kuanza kiangazi kinapoisha. Tuta moja moja. Leo unafukia hili, mwezi ujao lile.

Na mbegu usinunue. Ndo maana nikasema ule mti mrefu tunauhitaji. Mlonge uliokomaa ukitunzwa vizuri unaweza kutoa mbegu elfu 15 mpaka 25 kwa mwaka, kwa ukame wetu wewe hesabu nusu. Maana yake miti miwili ya mbegu nyuma ya nyumba inakupa mbegu za kufukia ile mita kumi kwa kumi kila mwaka na zinabaki. Mbegu zikikaa zaidi ya mwaka nguvu ya kuota inashuka sana kwahiyo tumia za msimu huohuo, loweka usiku mmoja, zinaota ndani ya wiki moja mpaka mbili, hazihitaji dawa wala kuchemshwa kama mbegu nyingine za miti.

Kwa shamba kubwa njia ni nyingine. Panda mlonge kwenye mpaka, au mistari ndani ya shamba imeachana mita nne tano, mtama katikati. Kabla ya kupanda unakata matawi, majani laini unayatandaza kwenye mistari, vijiti unapeleka jikoni ingawa nawaambia ukweli kuni za mlonge ni dhaifu, zinawaka zinaisha. Mzizi wa mlonge uliopandwa kwa mbegu unashuka chini kabisa, unachota kule ambako mtama haufiki, majani yanakuja kuangukia juu. Hapo sasa ndo unaongeza kitu kipya kwenye udongo wa juu.

Kuna jambo lingine watu wa Nicaragua walilifanya, maji ya majani ya kupulizia. Majani machanga ya mlonge yana homoni ya kukuza mimea inaitwa zeatini. Unachukua machipukizi yasiyozidi siku 40, unatwanga kwenye kinu, kilo kumi za majani kwa maji lita moja tu, unakamua, unachuja kwa kitambaa safi la sivyo bomba litaziba. Yale maji unachanganya moja kwa thelathini na sita, yaani lita moja kwa lita 36 za maji, unapulizia ndani ya masaa matano maana yanaharibika. Mmea mmoja unapata kama mililita 25. Wanapulizia mara ya kwanza kama siku kumi baada ya mmea kuota, tena kabla ya maua, tena zao likianza kuweka mbegu au matunda, na mara ya mwisho likikomaa. Wao walisema mavuno yalipanda asilimia 20 mpaka 35. Hiyo ni Nicaragua, na bado mbolea ya chini inahitajika, hii sio mbadala wake. Nyie fanyeni hivi, pulizieni mistari mitano ya nyanya, mistari mitano iacheni, pimeni kwa ndoo wakati wa kuvuna. Msiniamini mimi, aminini ndoo.

Haya, tuje kwenye kuchipua. Hapa nyie ni walimu, maana kisiki hai mnakijua, mmekifanya Dodoma nzima, kuacha kisiki kichipue, kuchagua machipukizi mazuri, kupunguza mengine. Mlonge ndo mti unaofuata hiyo tabia kwa kasi ya ajabu. Mche ukiung'oa ukiwa na mwezi mmoja angalia mzizi, umevimba kama karoti nyeupe na unanuka ukali ukali. Ile ni akiba. Mti umeweka chakula chini, kwahiyo ukikata juu unatumia akiba ile kuchipua. Ukijua hilo utajua na namna ya kukata. Usikate mche ambao haujaweka akiba, na usikate kila wiki, maana akiba inaisha na kisiki kinakufa.

Kwa mti wa majani ya kula na kuuza, mche ukifika sentimita 60 finya ncha ya juu kwa vidole. Tu hivyo. Watu wanaogopa kukata ncha wanaona wanaharibu mti, ila usipokata unapanda mlingoti. Ukikata unatoa matawi pembeni, matawi hayo nayo yakifika sentimita 20 unakata ncha zake, unapata kichaka badala ya mlingoti. Mwaka wa kwanza mlonge ukiachwa unaweza kufika mita tatu mpaka tano, sasa fikiria nguvu hiyo yote ukiigeuza kuwa majani ambayo mama anafikia bila ngazi. Baada ya hapo unakata shina usawa wa goti au kiuno, kisu kikali au mkasi, kata mshazari maji yasikae juu ya kidonda. Kwa msimu wa mvua au penye umwagiliaji unavuna kila siku 35 mpaka 45. Kiangazi usiguse, acha upukutishe majani upumzike, mlonge kiangazi ukiona umebaki vijiti usidhani umekufa.

Wahindi wa Tamil Nadu wana aina inaitwa PKM-1, wanaipanda kwa mbegu, inaweka maganda ndani ya miezi sita, wakishavuna wanakata shina usawa wa mita moja kutoka chini, linachipua, wanavuna tena mwaka unaofuata, hivyo hivyo miaka miwili mitatu kisha wanang'oa na kupanda upya. Angalieni akili hiyo, kwao mlonge ni zao kama lilivyo zao jingine, lina ratiba na lina mwisho.

Na hapa kuna onyo ambalo nataka mlibebe mkitoka. Ukivuna majani kila siku 40 na kuyapeleka mjini kwenye magunia, unasafirisha udongo wako. Kile kilo 4 cha nitrojeni nilichosema kwenye kila kilo 100 kavu, hicho kinaondoka. Wale wa Nicaragua waliopata mavuno makubwa sana walikuwa wanamwaga mbolea na maji. Ukivuna bila kurudisha, mwaka wa tatu mlonge wako utakuwa vijiti vya njano na mtasema mti umezeeka kumbe umeunyima chakula. Kwahiyo ukivuna, vijiti na mabaki rudisha kwenye shina, samadi ndoo moja kila mwanzo wa mvua, na shamba la majani usiuze majani ya mkato wa kwanza, tandaza chini. Mkato wa kwanza ni wa ardhi. Mi huo ndo msimamo wangu na siubadilishi.

Sasa pesa, maana naona vijana mmeanza kuchungulia simu.

Biashara ya kwanza ni miche yenyewe. Dodoma mjini kumekuwa na mahitaji makubwa ya miche tangu serikali ilipohamia na tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ilivyoanza mwishoni mwa 2017, watu wanajenga, wanataka miti kwenye viwanja. Kitalu cha mlonge ni rahisi kuliko kitalu chochote, viriba, udongo wa msituni na samadi, kivuli kidogo, ndani ya wiki nne mpaka sita mche uko tayari. Lakini usiuze mche uliokaa kwenye kiriba miezi minne, mzizi unajikunja chini unazunguka kama kamba, mteja akipanda unadumaa au unaangushwa na upepo na jina lako linaharibika. Kwa shamba lako mwenyewe usitumie kiriba kabisa, panda mbegu moja kwa moja shimoni. Kuna wanaopanda vipande vya matawi, vinashika haraka kweli ila mzizi wake haushuki, ukame wa kwetu unavimaliza.

Biashara ya pili ni majani. Mabichi sokoni, na kina mama mnajua kuyapika na karanga, ni mboga tamu, watoto wanakula. Makavu ni unga wa kuchanganya kwenye uji wa lishe. Kilo moja ya unga inakula kama kilo tano za majani mabichi bila vijiti, hesabu hiyo iwe kichwani unapopanga bei. Kaushia kivulini kwenye chekecheke zilizoinuliwa, sio juani, jua kali linaua vitamini A na majani yanakuwa ya kahawia hakuna atakayenunua. Osha kwa maji safi, chambua, geuza geuza, yakivunjika kwa vidole ndo yamekauka, saga, weka kwenye mfuko usiopitisha mwanga. Ukitaka kuuza madukani lazima upitie TBS, shirika la viwango, tangu 2019 mambo ya vyakula yako kwao, na kabla ya TBS nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, ofisi ya mkoa wawafundishe vifungashio na usafi, msiende mmoja mmoja, nendeni kama kikundi. Na tafadhali sana, tafuteni mnunuzi kabla ya kupanda ekari tano. Anayekuja kijijini kuuza mbegu kwa bei ya ajabu na kuahidi atanunua mavuno yote, mwambieni aweke mkataba kwa maandishi mbele ya serikali ya kijiji. Akikataa mpeni uji aende zake.

Biashara ya tatu, mbegu na mafuta. Mbegu zilizomenywa zina mafuta asilimia 30 mpaka 40, mafuta mazuri, hayaharibiki haraka, watu wa vipodozi wanayapenda. Mashine ndogo haitoi yote. Kwenye mashine za alizeti muongee nao vizuri maana mashudu ya mlonge ni machungu na hayafai kulisha mifugo hivihivi, yakichanganyika na mashudu ya alizeti mtagombana na wafugaji. Mashudu ya mlonge kazi yake ni mbolea, yana nitrojeni nyingi kuliko hata majani, weka kiganja kimoja kwenye shimo la mboga, changanya na udongo.

Na mashudu hayo au mbegu zilizotwangwa zinasafisha maji ya lambo. Wanawake wa Sudan kando ya mto Nile walikuwa wanafanya hivi siku nyingi, mtafiti Samia Al Azharia Jahn akalichunguza na kulieleza kisayansi. Mbegu moja mpaka mbili kwa lita moja ya maji machafu sana, menya, twanga, koroga na maji kidogo yawe uji, mimina kwenye ndoo, koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika tano, acha saa moja mbili. Tope linashuka chini, maji ya juu yanakuwa meupe, unachuja. Lakini mama zangu, maji kuwa meupe sio maji kuwa salama, vijidudu vingi vinashuka na tope ila sio vyote, chemsheni, na yatumieni siku hiyohiyo msiyalaze.

Mifugo sitaongea sana. Kule Nicaragua ng'ombe waliopewa mlonge mbichi kilo 15 mpaka 17 kwa siku walitoka lita 7 za maziwa kwenda 10. Mpe angalau masaa matatu kabla ya kukamua, la sivyo maziwa yanabeba harufu ya majani.

Adui wa yote haya mnamjua. Mbuzi. Mlonge mchanga mbuzi akiuona anaacha kila kitu, na huku kwetu baada ya mavuno mifugo inatembea itakavyo. Hili sio la mkulima mmoja, ni la mkutano wa kijiji, bila sheria ndogo ya kijiji ya kuzuia mifugo mashambani mpaka miche ivuke usawa wa mbuzi, tunapoteza mbegu. Mwenyekiti naliacha mikononi mwako. Anayeanza mwaka huu aanze ndani ya uzio wa miiba karibu na nyumba. Mchwa nao wapo hasa mche ukiwa na kiu, usitandaze majani makavu yakagusa shina, acha nafasi ya kiganja, na jivu kidogo kuzunguka shina linasaidia. Maji yakituama mlonge unaoza mizizi, kwahiyo kule mbugani kwenye tope jeusi pandeni juu ya tuta au msipande kabisa.

Mzee pale nyuma ameuliza kama mlonge utakua hata kwenye mchanga wake wa juu kule mlimani. Utakua mzee wangu, mchanga unaupenda kuliko tope, ila samadi uweke kwenye shimo na maji umpe miezi miwili ya kwanza, baada ya hapo mzizi utajitafutia wenyewe.

Mbegu za kuanzia ziko kwa katibu wa kikundi. Kila kaya inachukua za mashimo kumi, mawili ya miti ya mbegu hayakatwi, manane ya majani yanakatwa ncha yakifika sentimita 60. Wenye bustani bondeni baki nyuma tupime matuta mawili ya kufukia, moja mlonge peke yake na moja mlonge na choroko, tuta la tatu liwe hivihivi bila kitu, yote matatu tupande mchicha siku moja tuone. Mbukwenyi, asanteni sana.